Benzi la Posa

Honi ilisikika kabla gari halijaonekana. Haikuwa honi ya lori la pamba, ile inayokoroma kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Hii ilikuwa honi nene, yenye adabu, iliyolia mara moja tu ikanyamaza, kama mgeni anayebisha hodi akijua atafunguliwa.

Mwasiti aliacha kitana kikining'inia kwenye nywele zake.

"Amefika," alisema.

"Kaa chini!" Shangazi Tabu alimkandamiza bega. "Mwari anayeposwa hachungulii dirishani. Nitachungulia mimi."

Na akachungulia. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, kidevu kimelala kwenye chuma cha dirisha, mpaka Mwasiti akamvuta kanga.

"Shangazi, niambie basi!"

"Jeupe," alisema Shangazi Tabu, na sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa na kona, ilikuwa imelainika. "Jeupe kama maziwa. Na lina ile nyota ya mbele." Akameza mate. Kisha akakumbuka kwamba yeye alikuwa upande wa kupinga. "Lakini mchimbaji ni mchimbaji tu, mwanangu. Leo ananunua gari, kesho anakuomba sigara. Muhidini anayekutaka ana mashine ya kusaga na gari la Pijo. Unga hauishi duniani."

"Basi olewa naye wewe, shangazi. Utapata na pumba."

"Una ulimi wewe!"

"Nimeurithi kwako."

Shangazi Tabu alitaka kukasirika, akashindwa, akarudi dirishani.

Mwasiti alijua gari lile kabla hajaliona. Alilijua kuanzia matairi hadi paa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeunganisha simu zote za kulitafuta.

Alikuwa mwendesha mitambo katika ofisi ya simu pale Shinyanga, msichana mwenye stashahada na sauti ambayo watu wa Mwanza na Tabora waliifahamu bila kuiona sura yake. Sabiti aliingia pale mara ya kwanza akiwa na vumbi la machimbo ya Rwamgasa mpaka kwenye kope. Alitaka kuzungumza na mjomba wake Bujumbura juu ya mashine ya kuvuta maji kwenye duara lake, shimo lake la dhahabu. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo huko mbele, laini haikupatikana, na Sabiti akakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Kesho yake akarudi. Laini ikapatikana, akazungumza na mjomba wake, akaweka simu chini, na bado akarudi kwenye benchi.

"Wewe kaka, si umeshazungumza?" Mwasiti alimuuliza.

"Nimezungumza na mjomba," alijibu Sabiti. "Na wewe bado."

Ndivyo ilivyoanza. Baada ya miezi kadhaa ya benchi lile, Sabiti alimtuma mshenga kwa Mzee Akida, baba yake Mwasiti, muuza kanga na taa za chemli aliyeishi hatua chache kutoka msikitini. Mzee Akida alikuwa mtu wa tarabushi nyekundu na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Babu zake walishuka na misafara kutoka Ujiji, na yeye hakumruhusu mtu yeyote kusahau hilo. Alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, kisha akatoa sharti ambalo aliamini hakuna mchimbaji atakayeliweza.

"Sina shida ya ng'ombe," alisema. "Binti yangu hatoki humu ndani mpaka mimi nitolewe kwanza. Huyo kijana aje mlangoni kwangu na gari la heshima, si lori, si landrova, anizungushe mpaka sokoni na kurudi, watu wanione. Ndipo tutazungumza."

Mtu mwingine angeelewa kwamba amekataliwa. Sabiti alikwenda moja kwa moja ofisi ya simu akaomba laini ya Bujumbura.

Kazi ya Mwasiti ilimtaka asikilize kidogo ili ahakikishe laini imeshika. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisikia Sabiti akimwambia mjomba wake atafute Benzi, lisiwe na kutu, liwe la mtu aliyejua kuliheshimu. Alisikia mjomba akisema limepatikana moja la daktari anayerudi kwao. Gari hilo lilitoka Ubelgiji kwa meli, likashushwa Dar es Salaam, likapanda treni hadi Kigoma, likavuka Ziwa Tanganyika mpaka Bujumbura.

"Ngoja," Mwasiti alimwambia Sabiti siku hiyo, akivua vifaa vya masikioni. "Kwa hiyo gari lilipita Tabora likiwa jipya, hapa jirani kabisa, likaenda Bujumbura kuzeeka, ndipo wewe unalirudisha?"

"Halikuzeeka," alisema Sabiti. "Lilikwenda kusoma Kifaransa."

Na wakati wakingoja laini, alimfundisha gari lenyewe kwa vizibo vitatu vya soda alivyovipanga juu ya kaunta. Hii klachi. Hii breki. Hii mafuta. "Ukisahau yote, Mwasiti, usisahau hii ya katikati." Mwasiti alipiga miayo mbele yake makusudi. Lakini vizibo vile alivichukua, akaviweka kwenye pochi yake, na mpaka leo asubuhi vilikuwa humo.

Kitu kimoja tu Sabiti hakumwambia. Si kwamba alikificha. Alikuwa amekaa Bujumbura mwezi mzima akishughulikia ushuru na kujizoeza kuliendesha, akaliendesha kwa Ngara na Biharamulo mpaka Rwamgasa, na kwake jambo hilo lilikuwa limeshakuwa la kawaida kabisa.

Nje, kibarazani, salamu zilikuwa zinaendelea. Mwasiti alisogea kwenye pazia la mlango. Mshenga alikuwa Mzee Nkwabi, Msukuma mnene mwenye koti zito, ambaye vijana wote wa Rwamgasa walimwita baba. Nyuma yake walisimama wachimbaji watatu wenye mabega kama milango. Na pembeni, katika suti ya Kaunda ya kijivu, alisimama Sabiti, amenyolewa, amepakwa mafuta, na anatokwa jasho kama yuko shimoni.

"Mwadila, mzee mwenzangu," alisema Mzee Nkwabi.

"Mwadila. Karibuni."

"Shikamoo, baba," alisema Sabiti.

"Marahaba," alijibu Mzee Akida, akiangalia paa la nyumba ya jirani.

"Sisi tumepotelewa na ndama," Mzee Nkwabi alianza, kwa sauti ya mtu aliyejifunza maneno yake njiani. "Tukafuata nyayo, zikatuleta kwenye zizi hili..."

"Ndama?" Shangazi Tabu alipaza sauti kutoka ndani. "Mtoto wetu ana stashahada!"

"Yaya, yaya, si hivyo, mama, ni ndama mwenye stashahada," alisema Mzee Nkwabi haraka, na wachimbaji watatu wakatikisa vichwa kuthibitisha.

Mzee Akida aliinua mkono. "Maneno ya ndama baadaye. Nilisema nini mimi?"

"Ulisema uzungushwe, baba," alisema Sabiti.

"Nizungushwe mpaka sokoni na kurudi, watu wanione. Nikirudi na heshima yangu, tutakaa. Nikiaibika njiani," akamsogezea Sabiti kidole mpaka karibu na pua, "basi kibaraza hiki umekiona kwa mara ya mwisho, wewe na Benzi lako na ndama wako."

Alimjua baba yake. Neno lake likishatoka nje halikurudi ndani hata kwa kuitwa.

Mtaa mzima ulikuwa umekusanyika. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa nusu, na mwenye kichwa hicho alikuja naye. Muhidini alikuwa ameegemea Pijo lake ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, akitabasamu kama mtu anayengoja mwenzake ajikwae.

Sabiti alikimbia akafungua mlango wa nyuma, akainama. "Karibu, baba."

Mzee Akida alimpita kama anapita nguzo. "Nyuma wanakaa wanawake na magunia," alisema.

Kwa Shinyanga nzima, iwe lori, iwe basi, iwe gari la mkuu wa shule, mtu mwenye cheo hukaa mbele kushoto. Kila mtu anajua. Mzee Akida alikwenda mbele kushoto, akajifungulia mlango mwenyewe, akainua kanzu, akageuza makalio, akajitupa kwenye kiti cha ngozi na kufunga mlango kwa kishindo kilichopendeza. Kisha akatazama mbele.

Mapajani mwake kulikuwa na usukani.

Mwasiti aliona tarabushi ya baba yake ikisimama wima kama sikio la sungura. Aliona Sabiti akijipiga paji la uso. Gari lilitoka nchi wanakoendesha upande mwingine wa barabara, na usukani wake ulikuwa kushoto, na mahali pote pale Shinyanga hapakuwa na mtu aliyewahi kuona jambo kama hilo.

"Jamani!" alipiga kelele kinyozi. "Mzee Akida anaendesha mwenyewe!"

"Si ndiye aliyemwendesha Bwana DC wa Kizungu!" alidakia mwingine.

"Shinyanga nzima alimzungusha!"

Watu wakapiga makofi. Mwasiti hakupiga, maana alijua jambo ambalo mtaa haukulijua. Ni kweli, kwa miaka yote baba yake alisimulia jinsi alivyomwendesha Bwana DC. Lakini mama yake Mwasiti, kabla hajafariki, alimwambia mwanawe ukweli huku wakichambua mchele, akicheka kwa upendo. "Baba yako hajawahi kushika usukani. Kazi yake ilikuwa kufungua mageti, kumfungulia Mzungu mlango, na kukimbia mbele ya gari kufukuza mbuzi. Lakini usimwambie kwamba unajua. Ile hadithi ndiyo inayomsimamisha."

Sasa hadithi ile ilikuwa imemkalisha.

"Mzee, tia gari moto basi!" aliita Muhidini kutoka ng'ambo, kwa sauti tamu yenye pilipili. "Tuonyeshe alivyokuwa anaendeshwa Bwana DC!"

Mzee Akida hakuwa mjinga. Aliona kwamba hapa pana njia moja tu, nayo ni kutoka. Lakini kiti kilikuwa chini, goti lake la kulia lilikuwa na ugonjwa wake, na kutoka kwa kutambaa mbele ya Muhidini hakukuwezekana. Kwa hiyo akafanya kitu cha busara. Akatoa mkono dirishani, kiganja juu, ili Sabiti amvute.

Safari nzima kutoka Rwamgasa, Mzee Nkwabi alikuwa amemwimbia Sabiti wimbo mmoja: siku ya posa, mkwe akinyoosha mkono, usimnyime kitu. Sabiti aliuona mkono. Akahangaika mfukoni. Akaweka kiganjani ufunguo wa Benzi.

Kigelegele cha Shangazi Tabu, aliyekuwa ameshatokea kibarazani, kilitoboa bati.

"Ufunguo mkononi! Mmeona wote! Kilichowekwa mkononi mwa baba wa binti siku ya posa hakirudi! Hakirudi ng'o!"

Mzee Nkwabi alikaa polepole kwenye ngazi za kibaraza, akavua kofia, akajipepea.

Mwasiti alimtazama Sabiti. Alitarajia kumwona akililia gari, maana ndani ya chuma kile cheupe kulikuwa na jasho la miaka yake yote ya kuingia na kutoka ardhini. Lakini Sabiti hakuwa analitazama gari. Alikuwa ameinua macho mlangoni, akimtafuta yeye nyuma ya pazia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeuliza: nimeharibu?

Na Mwasiti, ambaye kwa mwaka mzima alijizuia kusema neno lile hata moyoni, alijua kwamba anampenda huyu mpumbavu wake kuliko chochote kilichowahi kupita kwenye waya.

Alisukuma pazia akatoka.

"Mwasiti!" Shangazi Tabu alishika kichwa. "Mwari haonekani!"

"Simameni wote!" alisema Mwasiti, kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwanyamazisha watu wa Mwanza wakigombania laini. "Baba asitie moto. Mnataka kumvunjia mzee mila yake?"

"Mila gani?" aliuliza Muhidini.

"Mila ya kwetu ya Ujiji. Chombo cha posa hakitiwi moto mpaka kimesukumwa. Baba wa binti anashika usukani, na upande wa mwanamume unasukuma kwa mikono yao wenyewe, ili ijulikane wana nguvu za kumlea mtoto wa watu. Si ndivyo ulivyonifundisha, shangazi?"

Macho yote yakageukia Shangazi Tabu. Hapakuwa na mila duniani ambayo Shangazi Tabu alikubali kwamba haijui. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanamngoja.

"Eeh!" alisema hatimaye. "Ndivyo! Nilikuwa nimenyamaza makusudi, nione kama mtakumbuka. Vijana wa siku hizi hamjui chochote. Marehemu babu mwenyewe alisukumwa!"

"Enzi za babu yenu Ujiji kulikuwa na magari?" aliuliza Muhidini.

"Lilikuwa toroli!" Shangazi Tabu alimgeukia kama paka. "Toroli la reli! Na wewe unauliza maswali mengi kwa mtu ambaye hata barua ya posa hajaleta!"

Watu walicheka, na Muhidini akaanza kushughulika na kioo cha Pijo lake.

Mwasiti alizunguka, akaingia mbele kulia. "Na binti anakaa kulia kwa baba yake," alitangaza.

"Anakaa!" alisema Shangazi Tabu mara moja. "Hilo nalo nililifundisha."

Sabiti aliinamia dirisha la mzee, akajifanya anapangusa vumbi kwenye usukani. Chini ya leso, mkono wake ulichukua ufunguo, ukauchomeka, ukauzungusha kidogo usukani ufunguke bila kutia moto, ukaweka gia huru, ukaachia breki ya mkono. Alifanya yote hayo akisema kwa sauti, "Samahani baba, vumbi la Biharamulo hili." Hakumtazama mzee usoni hata mara moja. Kisha akaenda nyuma, akakunja mikono ya ile suti ya Kaunda, akaungana na wachimbaji watatu.

"Haya! Mshikeee!" aliita Sabiti.

"Mwamba!" waliitikia wachimbaji, kama wanavyoimba shimoni.

Benzi likasogea.

Mwanzoni lilikwenda kwa heshima ambayo hata Bwana DC hakuipata. Mzee Akida alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, tarabushi ikigusa paa. Watu walitembea pande zote mbili wakiimba. Alipopita msikitini alithubutu kuachia mkono mmoja akapunga. Usukani bila moto ulikuwa mzito kama jembe kwenye mbuga yenye matope, lakini barabara ilikuwa imenyooka.

"Unaonekana vizuri, baba," alisema Mwasiti.

"Najua," alisema Mzee Akida.

Ila barabara ya kwenda sokoni, baada ya kisima cha zamani, inateremka. Si mteremko wa kutisha. Mtu mwenye baiskeli hauoni kabisa. Benzi liliuona. Mwasiti alisikia nyimbo zikibaki nyuma. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wachimbaji watatu wakiwa wadogo, mikono bado imenyooshwa mbele, hawana cha kusukuma. Sabiti peke yake alikuwa anakimbia, suti imejaa upepo, kiatu kimoja kimeshaachwa.

Na mbele, kutoka uchochoroni, likatokea kundi la mbuzi.

Walitoka kama mbuzi wanavyotoka, bila haraka, wakatanda barabara nzima, wakasimama kutafakari. Honi ilikuwa pale katikati ya usukani, pana kama sahani. Mzee Akida hakuiona. Kitu kingine ndani yake, kilicholala miaka mingi, kiliamka kabla hajakizuia. Alitoa kichwa dirishani, akafungua kinywa, na sauti ya kijana wa miaka ishirini ikamtoka:

"Hooo! Hoo-hoo! Pisha Bwana DC! Pisha njia, Bwana DC anakujaaa!"

Mbuzi wakaruka huku na huku kana kwamba wazazi wao waliwasimulia sauti hiyo. Njia ikafunguka. Benzi likapita.

Mzee Akida alirudisha kichwa ndani polepole. Tarabushi ilikuwa imeinamia sikio. Soko lilikuwa linakuja.

"Mwasiti," alisema kwa upole ambao binti yake hakuwa ameusikia tangu siku ya msiba wa mama yake.

"Abee, baba."

"Breki ni ipi?"

Mwasiti hakucheka. Hakugeuka hata kumtazama. "Ya katikati, baba."

"Nilijua," alisema Mzee Akida, akaikanyaga kwa miguu yote miwili.

Benzi lilisimama huku nyota yake ya mbele imeinamia meza ya mama mmoja wa Chato aliyekuwa anauza dagaa. Mama yule aliangalia nyota, akaangalia tarabushi, akachota dagaa kwa kopo.

"Karibu, mzee. Unachukua wa kiasi gani?"

Soko likapasuka kwa vifijo. Watu walitoka kwenye mafungu ya nyanya na marobota ya mitumba kuja kuona. Wazee waliokaa kwenye kahawa wakasimama. Mzee Akida alipunga mkono kwa madaha.

Sabiti alifika akiwa na kiatu kimoja, anahema kama mtu aliyepandishwa kutoka shimoni kwa kamba. Akaegemea dirisha.

"Pole... na safari... baba."

Mzee Akida alimtazama kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Ulikuwa karibu nyuma yangu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Pale kwenye mbuzi. Ulisikia nilivyosema?"

Sabiti alivuta pumzi. Mwasiti aliona macho yake yakimgusa yeye haraka, kisha yakarudi kwa mzee, safi kabisa.

"Nilisikia honi tu, baba."

"Honi sikupiga."

"Basi mimi sikusikia kitu."

Aliiweka tarabushi yake sawa, kwa vidole viwili, bila haraka. Ndani ya gari palikuwa na harufu ya ngozi na ya dagaa.

"Na kurudi?" aliuliza. "Kurudi ni kupanda. Wale vijana wako wamelala barabarani."

"Mila inasema kusukuma ni kwenda tu," alisema Mwasiti. "Kurudi gari linatiwa moto."

"Inasema hivyo?"

"Tukifika nyumbani muulize shangazi."

Mdomo wa Mzee Akida ulicheza kidogo upande mmoja. "Vizuri. Gari hili ni langu sasa, liliwekwa mkononi mwangu mbele ya watu. Lakini macho yangu si ya zamani. Nitahitaji dereva." Alikohoa. "Na dereva wa kuajiri simtaki. Leo yupo, kesho kakimbilia dhahabu. Nataka dereva wa nyumbani. Mtu wa humu humu ndani, ambaye hata nikimkasirikia siwezi kumfukuza."

Sabiti aliitikia kwa kichwa kwa bidii. "Nitakutafutia, baba. Kuna kijana namfahamu Geita, mtulivu sana, hata sigara havuti..."

"Sabiti!" alisema Mwasiti.

"Naam?"

"Nyamaza. Halafu fikiri."

Sabiti akanyamaza. Akafikiri. Mwasiti aliutazama uso wake, na akaona wazo likipanda kutoka mbali, polepole, likivutwa juu kama ndoo, mpaka likafika kwenye mwanga. Kinywa kikabaki wazi.

"Baba..." alisema, na sauti ikamkatika.

"Usilie sokoni," alisema Mzee Akida. "Nisaidie kutoka. Na safari hii nikinyoosha mkono, nivute, usiniwekee kitu."

Sabiti alimvuta. Mzee Akida alisimama, akakung'uta kanzu, akazunguka gari huku watu wakimpisha. Alifika kwenye mlango wa mbele kulia, alikokaa Mwasiti, akasita. Akautazama mlango wa nyuma.

"Bwana DC alikuwa anakaa nyuma," alisema taratibu, kama anajisemea.

Aliunyoosha mkono kwenye kitasa, kwa mazoea. Lakini Sabiti alikuwa ameshafika. Kwa mguu mmoja wenye soksi na mmoja wenye kiatu, aliufungua mlango, akausogeza mpaka mwisho, akainamisha kichwa na kusimama pembeni akingoja.

Mzee Akida hakuingia mara moja. Alisimama pale akiutazama mlango uliofunguliwa, akiutazama mkono wa mtu mwingine kwenye kitasa. Kisha akainua kanzu, akaingia, akakaa katikati ya kiti, akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Funga," alisema kwa sauti ndogo.

Sabiti alifunga, akakaa kwenye usukani, akatia moto. Injini haikunguruma, ilipumua tu. Mwasiti alifungua pochi yake, akatoa vizibo vitatu vya soda, akavipanga mbele ya kioo bila kusema neno. Sabiti aliviona. Alimgeukia, na jinsi alivyomtazama, Mwasiti alisahau ulimi wake wote, yeye ambaye hajawahi kukosa jibu. Mbele yao watu walipisha, mama wa dagaa akavuta meza yake, mbuzi mmoja akabaki katikati ya barabara akiwangoja, na gari halikwenda.

"Kijana," ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma, nzito, yenye raha, sauti ya mtu aliyefika. "Macho barabarani. Huyo bado hujamwoa."